Mti wa Jalalani

Darasani tulikaririshwa miaka: 1884 mkutano wa Berlin, 1905 Maji Maji, 1961 uhuru. Parachichi lilifika lini, hakuna aliyetuambia, ingawa wakati wa mapumziko tulikuwa tunalila kwa chumvi mpaka madaftari yanang'aa mafuta.

Ndugu msomaji, mwulize mtu wa Rungwe, atakuapia kwamba mparachichi ni mti wa asili kama mgomba. Si kweli, bwana (na mgomba wenyewe asili yake ni Asia). Kwao mparachichi ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wasemaji wa Kinahuatl waliliita tunda hilo ahuacatl, Wahispania wakalipinda jina likawa aguacate. Kabla ya meli zao, huku kwetu hakukuwa na hata jani lake moja.

Vitabu vya kilimo huwataja wamisionari wa Kijerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Inaingia akilini. Mwaka 1891 Wamoraviani walifungua kituo Rungwe, na mwaka huohuo misheni ya Berlin nayo ikaingia Unyakyusa. Lakini mimi picha hiyo hainitoshi. Misheni ilikuwa na bustani yake. Mbona miti iko kila ua? Nani aliieneza? Kokwa la parachichi halivumilii kukaa. Likikauka limekufa, huwezi kulihifadhi kibuyuni lingoje mwakani kama mahindi. Lazima tunda liliwe na kokwa lipandwe, au litupwe mahali penye unyevu, siku chache baadaye. Basi safari ile ilikwenda kwa hatua fupifupi, ua hadi ua, jalala hadi jalala nyuma ya jiko. Nadhani waenezaji wengi walikuwa wanawake, maana jiko lilikuwa lao. Hawamo kitabuni.

Udongo nao ulisaidia. Mizizi ya mparachichi huoza ikikaa majini, na udongo wa volkano wa Tukuyu hunywa mvua zote zile na kuipitisha.

Kumbe kokwa halimfuati mama yake! Panda kumi, utapata miti kumi yenye tabia kumi: huu matunda ya mviringo, ule yana shingo ndefu, mwingine nyuzi tupu. Ndiyo maana utotoni tulijua mti wa nani ni wa kuibia.

Kisa cha kokwa jingine hiki hapa. California, miaka ya 1920, tarishi mmoja aitwaye Rudolph Hass alipanda makokwa ili miche ikikua aibebeshe vikonyo vya Fuerte, aina iliyokuwa na heshima wakati ule. Mche mmoja ukakataa kubebeshwa, nusura aung'oe. Ulipozaa, watoto wake wakayasifu matunda, naye mwaka 1935 akapata hataza ya mti ule. Mti mama ulioza mizizi, ukakatwa mwaka 2002, lakini kila Hass duniani ni kipande cha mwili wake. Uliokataa kubebeshwa ndio unaobebeshwa kila mahali!

Umefika na kwetu: Rungwe, Mufindi, na Njombe ambayo hadi 2012 ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa. Mche wa kubebesha huzaa kwa miaka miwili au mitatu. Wa kokwa utasubiri mitano, saba, hata zaidi. Watu wamejenga nyumba za bati kwa Hass, nami siwabezi.

Ila mwaka juzi baba mdogo alikuja na shoka. Mparachichi wa bibi, ulioota jalalani enzi za mama mkwe wake, ulikuwa unaizibia jua miche yake.

“Mwanangu,” bibi akamwuliza, “hiyo miche yako imesimama kwa miguu ya nani?”

Alikuwa na haki. Shina la chini la mche wa Hass vijijini kwetu huoteshwa kwa kokwa la kienyeji, hilihili la jalalani. Baba mdogo akacheka, akasema, “Mama, maneno yako nimeyasikia.” Jumatatu mti ukalala chini.

Niliokota makokwa matatu, nikaja nayo Iringa kwenye chumba cha kupanga. Nikayasimamisha kwenye glasi, kila moja kwa njiti tatu za kiberiti, kitako majini. Mawili yalioza. La tatu lilipasuka wiki ya saba, likatoa mzizi mweupe; sasa lina majani manne. Mama mwenye nyumba ananiuliza nitaupanda wapi, maana ua wote ni sementi. Bado sijamjibu.