Watu wa Lindi na Makina

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwisha, lakini SQL nilibaki nayo. Ndiyo maana shirika fulani lilinipa kibarua cha wiki moja kusafisha orodha ya familia za kupelekewa unga. Meneja akasema, “Nitolee watu wa Lindi na Makina.” Nikaandika vile alivyosema: mtaa = 'Lindi' AND mtaa = 'Makina'. Jibu likaja: sufuri. Manze, Lindi nzima na Makina nzima, hakuna mtu!

Kosa ni la “na.” Kwetu “na” inakusanya watu. Kompyuta inapitia mstari mmoja mmoja ikiuliza kama mtu huyu yuko Lindi na papo hapo yuko Makina. Anayeishi kote kuwili hayupo. Ilifaa OR, ama kwa mkato IN ('Lindi', 'Makina'). Lugha hii Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliitoa 1974, ikiitwa SEQUEL.

Kuandika IN ni rahisi. Shida ni nani aingie kwenye mabano, na hilo Kibera imebishania muda mrefu. Wanubi, askari wa King's African Rifles na familia zao, waliita mahali hapo Kibra, yaani msitu. Ikageuka Kibera. Jina la zamani lilirudi 2013, eneo bunge la Kibra lilipokatwa kutoka Lang'ata. Kwa hiyo ukitafuta 'Kibera' pekee, aliyeandika 'Kibra' umemwacha njaa.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070, na waliozoea kusikia milioni moja wakapiga kelele. Wengine walisema mipaka ilichorwa vibaya. Mimi sioni mabano ya kufikisha milioni: 2019, kaunti ndogo nzima ya Kibra, hata Woodley ikiwa ndani, ilikuwa na 185,777.

Kawangware ndiyo ilinitoa jasho. Watu waliandika 'Kawangware 46', 'Kawangware 56', majina ya stejini. LIKE 'Kawangware%' iliwashika hao, lakini si wa Gatina na Kabiro, ambao ni wadi zao wenyewe ingawa ukiwauliza kwa matatu watakuambia wanaenda Kawangware. Nikawaongeza.

Mwishowe ulibaki mstari mmoja usioingia popote. Kwenye safu ya mtaa mama alikuwa ameandika, “nyuma ya msikiti, uliza.” Nikampigia simu.