Kiswahili cha amri

Najua nimeadimika, mtanisamehe, zamu za usiku zimenibana. Mimi mzima, baridi ya Brussels nayo haijambo.

Juzi tulilaza mzee mmoja Mbelgiji, umri umepita miaka 90. Naenda kumpima presha, akanitazama, akasema: "Leta mayi, mbio!" Jamani, nilishtuka! Kumbe utoto wake aliupitisha Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Kiswahili anachokumbuka ni cha kuamrisha tu: leta, ondoa, nyamaza. Maji nilimpa, lakini nikabaki najiuliza: lugha yetu ya pwani ilifikaje kule msituni?

Jibu linatugusa na sisi. Ilipelekwa na misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, kufuata pembe za ndovu na watumwa. Aliyevuma kuliko wote ni Hamed bin Muhammed wa Zanzibar, Tippu Tip. Pembe zile zilikwenda viwanda vya Ulaya na Marekani, zikawa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Viwanda vilipotaka zaidi, vijiji vya Maniema vilivamiwa zaidi. Anayepiga piano hakujua.

Mfalme Leopold II wa hapa Ubelgiji aliiambia dunia anaingia Kongo kukomesha utumwa. Mwaka 1887 akamteua nani awe gavana wake kwenye maporomoko ya Stanley, hapo hapo Kisangani? Tippu Tip! Miaka michache baadaye, 1892 hadi 1894, majeshi ya Leopold yakawapiga Waarabu na Waswahili wa huko, eti kwa ajili ya kuwakomboa watumwa.

Kumbe balaa jingine lilikuwa limeshaanza. Mwaka 1888 Dunlop alisajili tairi lake la upepo. Baiskeli zikaenea, magari yakafuata, na mpira ulikuwa umejaa mwituni Kongo. Wanaume wakalazimishwa kuuleta kwa vikapu, wake zao wakashikwa rehani mpaka kikapu kijae. Askari walidaiwa mkono uliokatwa kwa kila risasi waliyoitumia. Mnadani hapakuuzwa mtu, ila kijiji kizima kilikuwa mtumwa kwenye ardhi yake chenyewe. Ilikuwa hivyo mpaka makelele ya dunia yalipomfanya Leopold aikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, 1908.

Jumapili nilipanda tramu namba 44 kwenda Tervuren na dada mmoja wa Bukavu ninayefanya naye kazi. Mwaka 1897 Leopold aliwaleta pale Wakongo 267 wakaonyeshwa kwa watu kama wanyama. Saba walikufa, makaburi yao yako kando ya kanisa. Tulisimama kimya. Kisha dada akaniambia kwa upole: "Lakini wazee wenu walitangulia kutukamata." Sikuwa na la kumjibu, nikamwambia pole. Tukarudi tukizungumza Kiswahili, maana ndiyo lugha inayotukutanisha.

Nyumbani tumezoea kumlaumu Mzungu peke yake, na ana lake kubwa. Lakini watoto tuwasimulie na sehemu yetu.

Mzee bado yupo wodini. Jana nimemfundisha neno "tafadhali". Analisahau, namkumbusha.

Nisalimieni wote. Tutaonana Mungu akipenda.