Furu wa Ghuba ya Mwanza: Spishi moja, sura nyingi

MKAZI wa Jiji la Mwanza anapokwenda mwaloni kununua kitoweo, macho yake hutafuta sato, sangara au dagaa. Furu, samaki mdogo ambaye mara nyingi hazidi urefu wa kiganja, huachwa kando au hufanywa chambo cha kuvulia sangara.

Hata hivyo, ni samaki huyo aliyewaleta watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, na kazi waliyoianza pamoja na wenzao wa Tanzania iliendelezwa na wengine kwa miongo kadhaa. Moja ya maswali yaliyowashughulisha ni hili: inakuwaje viumbe wa spishi moja watofautiane kwa sura, na ni lini tofauti hizo huzaa spishi mpya?

Upolimofi ni nini?

Hakuna spishi ambayo viumbe wake wote hufanana kama sarafu. Zipo tofauti zinazopanda kidogo kidogo, kama kimo cha watu, ambapo kati ya mfupi na mrefu wapo wengi wa wastani. Zipo pia zinazogawanyika waziwazi katika makundi machache, kama makundi ya damu A, B, AB na O. Hali hii ya pili, ambapo sura mbili au zaidi huishi pamoja katika jamii moja inayozaliana, ndiyo wanabiolojia wanayoiita upolimofi, yaani wingi wa sura.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini sura moja isizishinde nyingine na kuziondoa kabisa. Jibu mojawapo linawagusa wakazi wa Kanda ya Ziwa, ambako ugonjwa wa selimundu umeenea. Mwaka 1954, Anthony Allison, mtaalamu wa tiba aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, ilhali anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Jeni hiyo hudhuru upande mmoja na kuokoa upande mwingine, ndiyo maana haijatoweka mahali penye malaria.

Mabaka ya Makobe

Katika Kisiwa cha Makobe, nje ya Ghuba ya Mwanza, yupo furu wa miambani anayekula mwani, ambaye jina lake la kisayansi ni Neochromis omnicaeruleus. Majike wake wana sura tatu: wengine wana rangi ya kawaida iliyofifia, wengine wana rangi ya machungwa yenye mabaka meusi, na wengine ni weupe wenye mabaka meusi. Madume wenye mabaka ni nadra sana, kwa sababu jeni za mabaka zimefungamana na zile zinazoamua jinsi ya samaki.

Lakini si kila tofauti ya sura hutokana na jeni pekee. Astatoreochromis alluaudi ni furu mwenye taya nene za kooni anazotumia kuponda konokono, wakiwamo wanaobeba vimelea vya kichocho. Mwaka 1965, mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood alionyesha kwamba samaki hao wakilelewa kwa chakula laini, taya zao hukua zikiwa nyembamba na dhaifu. Funzo hilo ni muhimu kwa yeyote anayetaka kufuga samaki ili kupambana na kichocho: chakula anachokulia samaki kinaweza kumnyima silaha yake.

Sura mbili au spishi mbili?

Mfano uliojulikana zaidi duniani ni wa furu wawili wa miambani. Pundamilia pundamilia, aliyepewa jina la Kiswahili kwa sababu ya milia yake, ana dume lenye rangi ya bluu. Mwenzake, Pundamilia nyererei, ana dume lenye mgongo mwekundu. Jina la huyu wa pili lilitolewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Majike wa pande zote mbili wana rangi hafifu na ni vigumu kuwatofautisha.

Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waligundua kwamba jibu hutegemea mahali unapouliza. Makobe, ambako maji ni maangavu na jicho huona zaidi ya mita 2 chini, wekundu na bluu ni spishi mbili zisizochanganyika. Karibu na Kisiwa cha Luanso, ndani ya ghuba, ambako mtu haoni mbali zaidi ya takriban nusu mita, wengi wana rangi za katikati na huzaliana kama jamii moja.

Sababu ni mwanga. Majike huchagua madume kwa rangi. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1998, majike wa nyererei walichagua madume wekundu chini ya mwanga mweupe, lakini mwanga ulipofanywa wa rangi ya machungwa tu, uchaguzi huo ulipotea. Utafiti wa mwaka 2008 uliongeza kwamba wekundu, wanaoishi kina kirefu zaidi, wana jeni ya macho iliyorekebika kupokea mwanga mwekundu unaofika huko.

Hatari iliyopo

Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo mfupi spishi zipatazo 500 za furu zilijitokeza. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba chimbuko lao ni mchanganyiko wa koo mbili za kale. Tofauti zilizorithiwa humo ndizo zilizokuwa malighafi ya spishi mpya.

Hasara nayo imekuja haraka. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka ghafla katika miaka ya 1980, spishi nyingi za furu zilitoweka. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni 200. Tishio la pili halina meno. Udongo unaomomonyoka, mbolea za mashambani na majitaka ya miji hurutubisha mwani na kuchafua maji. Mwaka 1997, Seehausen na wenzake walionya kwamba maji yakififia, majike hushindwa kutambua rangi, na spishi zilizotengana huanza kurudi kuwa moja.

Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye mizani ya mwaloni, kwa kuwa samaki bado wapo na nyavu bado zinajaa. Kinachopungua ni aina zao na kazi walizogawana ziwani, kuanzia kula mwani hadi kuponda konokono wa kichocho. Kwa hiyo udhibiti wa majitaka na hifadhi ya udongo kandokando ya ghuba huamua pia ni spishi ngapi zitabaki ndani ya maji hayo.