Miwani ya Mwalimu na ngazi za Ngome Kongwe

Najua nimepotea. BTP Bagamoyo ilinibana kweli kweli: mchana vipindi, usiku maandalio ya somo, na bum lenyewe mnajua linavyoyeyuka. Sasa nimerudi chuo, na leo nawaletea historia ambayo hamtaikuta kwenye desa lolote.

Siku moja tuliwapeleka kidato cha pili Ngome Kongwe, lile jengo la mwaka 1860. Kupanda tulipanda vizuri. Wakati wa kushuka, Mwalimu wangu mlezi, mtu mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini, akasimama kwenye ngazi ya kwanza akashika ukuta. Akanyoosha mguu kama mtu anayepima kina cha maji. Akakosea. Nusura aanguke! Nyuma yangu wanafunzi wakaanza kucheka chini chini, mmoja akanong'ona, "Ticha kalewa." Jamani, mzee yule hata soda hanywi.

Tuliporudi ofisi ya walimu akavua miwani, akaiweka mezani. "Mwanangu, hii nimeidunduliza miezi. Dukani wakaniambia nitazoea, basi, hakuna maelezo mengine. Mbali naona, kusoma nasoma, lakini dunia inaogelea. Wanafunzi wananicheka. Labda mimi nimeshakwisha, niwaachie nyinyi vijana."

Maneno yale yaliniuma. Ilikuwa miwani ya progresivu, ile ambayo lenzi moja ina nguvu ya kuonea mbali juu, inabadilika polepole katikati, na chini kabisa ni ya kusomea. Nikaamua kuichimba historia yake, na nikagundua kwamba tatizo halikuwa la Mwalimu.

Tuanze mbali kidogo. Karne ya 11 huko Misri, mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika kitabu kikubwa kuhusu mwanga na kuona. Alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unaingia jichoni, si kwamba jicho linatoa miale. Baadaye kitabu kile kikatafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya. Miwani yenyewe ilianza kutengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13. Karne hiyo hiyo, hapa Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo, watu walikuwa tayari wanaswali katika msikiti wa mawe ambao magofu yake tunayatembelea leo.

Miwani ile ya kwanza ilikuwa ya kusomea tu. Ilimsaidia mtu aliyefika miaka arobaini na kitu, kwa sababu umri huo lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Hilo halichagui msomi wala mkulima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Kongwa, Dodoma, ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea wana shida hiyo.

Lakini miwani ya kusomea ina kero yake: ukiinua macho, mbali kote ni ukungu. Mwaka 1785 Mmarekani Benjamin Franklin alieleza katika barua jinsi alivyokata lenzi za aina mbili nusu kwa nusu, akaziweka kwenye fremu moja. Mezani aliweza kuona chakula chake na pia nyuso za waliokuwa wakizungumza naye Kifaransa. Safi! Ila sasa kukawa na mstari katikati, picha inaruka jicho likivuka mstari, na umbali wa kati haupati lenzi yake. Kwa mwalimu maana yake ni hivi: daftari la mahudhurio unaliona, dawati la nyuma unaliona, lakini la mbele linakuwa tabu.

Mwingereza Owen Aves alisajili wazo la lenzi isiyo na mstari mwaka 1907, ila halikufika sokoni. Aliyefanikiwa kuliuza ni mhandisi Mfaransa Bernard Maitenaz, mwaka 1959, kwa jina la Varilux. Mstari ukaondoka. Lakini hakuna cha bure: ukitaka nguvu ibadilike bila mstari, lazima pembeni ya lenzi pabaki na ukungu. Mafundi wameupunguza miaka yote hii, ila hawajaumaliza.

Ndiyo siri ya zile ngazi! Mwalimu alishusha macho tu, akaangalia hatua kupitia sehemu ya kusomea, ambayo imepimiwa umbali wa kitabu. Ngazi ikawa ukungu, na ikaonekana ipo karibu kuliko ilivyo.

Nikamwambia nilichokipata. Ukishuka ngazi, inamisha kidevu ili utazame kwa sehemu ya juu. Ukisoma, fanya kinyume, shusha macho, kichwa kibaki. Ukitaka kuona pembeni, geuza kichwa chote, pua ielekee unachokitazama. Ivae tangu asubuhi, usiichanganye na ile ya zamani. Wengi huzoea ndani ya siku chache mpaka wiki mbili. Zikipita bado kunaogelea, rudi ukapimwe upya, maana huenda vipimo au mkao wa fremu si sahihi. Hapo usikubali kuambiwa utazoea.

Akanisikiliza kimya, kisha akasema, "Kumbe hawa watu wamehangaika miaka mia saba, na mimi nataka nizoee kwa siku tatu!"

Wiki yangu ya mwisho tulikwenda Kaole. Pale mawe hayako sawa hata kidogo. Mwalimu akatangulia, kidevu kimeinama, akapita katikati ya makaburi ya kale akielezea nguzo zake, kisha akageuza kichwa chote na kumwita kwa jina yule kijana wa "Ticha kalewa", aliyekuwa nyuma kabisa anachezea simu. Kijana akaificha haraka. Hakuna aliyecheka.

Haya wadau, nakimbilia semina. Tuko pamoja!