Njiwa wa Skinner na kidole changu

Nasikia kuna waliodhani nimedisko. Hapana jamani, nipo, ni bumu tu ndilo limekata. Nilichofanya ni kufuta Facebook, Instagram na X kwenye simu kwa siku 30, mitihani ikiwa inanukia. Na WhatsApp nayo nikaiweka kando, kosa ambalo nitalieleza.

Kisa kilianzia darasani, kipindi cha saikolojia ya elimu. Mhadhiri alikuwa anatueleza habari za B. F. Skinner, yule Mmarekani aliyemfungia njiwa kwenye sanduku. Njiwa akidonoa kitufe, punje inadondoka. Sasa kama punje ilikuwa inatoka kila anapodonoa, siku ikikatika njiwa anaacha mapema. Lakini kama inatoka kwa kubahatisha, mara baada ya midonoo mitatu, mara baada ya arobaini, basi hata ikikatika kabisa jamaa anaendelea kudonoa weee. Mwaka 1957 Skinner na mwenzake Charles Ferster walitoa kitabu kinene juu ya mambo hayo. Mimi nasikiliza huku kidole kiko chini ya meza kinavuta kioo cha simu kione kama kuna jipya. Nikajitazama. Njiwa huyo!

Nikataka kujua nani alinijengea sanduku. Facebook ilianza Februari 2004 pale Harvard, kwa wanafunzi kama sisi, na Septemba 2006 ikafunguliwa kwa yeyote mwenye miaka 13 na kuendelea. Enzi hizo kurasa za intaneti zilikuwa na mwisho, unafika chini unaamua kama unaendelea. Mwaka huohuo wa 2006 mbunifu mmoja, Aza Raskin, akabuni ukurasa usioisha. Nia yake ilikuwa kumpunguzia mtu kazi ya kubofya, na baadaye amesema hadharani kwamba anajutia. Ndiyo maana hadithi za njama mimi huwa sizinunui. Sanduku hili lilijengwa kipande kwa kipande na watu waliodhani wanasaidia.

Mwaka wenyewe hasa ni 2009. Februari Facebook ikaweka kitufe cha laiki. Loren Brichter akaleta ule mtindo wa kuvuta kioo chini ili habari zijipakie upya, kwenye programu yake ya Tweetie. Novemba Twitter nayo ikaanza kutoa kitufe cha kusambaza maneno ya mwenzako. Ni mwaka huohuo Facebook ilipoanza kupatikana kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa chekechea, nalilia maandazi.

Haya, siku zangu 30. Za kwanza tatu zilikuwa aibu tupu. Kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe pale ilipokuwa Instagram, nakuta nimefungua kikokotoo. Nimekaa kimbwetani na kikokotoo mkononi, sina hesabu ya kupiga! Mama alipiga siku ya tano. “Mwanangu, unaumwa? Sikuoni.” Shikamoo mama, siumwi, naacha simu. Akacheka mpaka salio likaisha.

Mwaka 2018 wachumi fulani Marekani waliwalipa watu wafunge Facebook kwa wiki nne. Watu wale walipata kama saa moja zaidi kwa siku, wakawa na furaha kidogo kuliko kawaida, na waliporudi walitumia kidogo kuliko zamani. Ila habari za dunia zikawapita.

Na mimi zilinipita. Siku ya 18 nilikwenda kwenye tesiti, nikakuta viti vitupu. Chumba kilibadilishwa usiku, CR akatangaza kwenye grupu la WhatsApp, basi. Alama 15 zikaenda hivyo. Rafiki yangu akaniambia nimejitakia, na sikuwa na jibu siku ile. Jibu nililipata baadaye, nilipokumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika dunia nzima kwa karibu saa sita. (Nilikuwa sekondari ya bweni, hatukuruhusiwa simu, sikujua kitu.) Siku ile hakuna aliyekosa tangazo la grupu, maana hakuna aliyeweza kulituma. Aliyetoka peke yake ndiye anayeadhibiwa. Skinner alimweka njiwa mmoja kwenye sanduku, sisi tumo darasa zima humo, na ubao wa matangazo tumeuhamishia ndani.

Kwa hiyo siku ya 19 WhatsApp ilirudi, magrupu yote nimeyanyamazisha, naifungua mchana na jioni. Nimemwomba CR mabadiliko ya vyumba ayabandike na mlangoni. Kakubali kwa shingo upande, mpaka sasa kabandika mara mbili.

Leo ni siku ya 34 na Instagram sijairudisha. Ila jana usiku ninayekaa naye chumba alinipa simu yake nione kichekesho kimoja tu. Niliirudisha baada ya dakika arobaini. Ananidai bando.