The Band: kalamu ilikuwa ya nani?

Mambo ya mitihani leo naweka pembeni, tuongelee bendi moja iliyochanganya kantri na roki, ikasota barabarani miaka mingi halafu ikavunjika, na ugomvi wake umebaki hata baada ya wenyewe kufa. Inaitwa The Band. Ndiyo, Bendi, basi.

Tuanze walikotoka. Mwaka 1958 mwimbaji Ronnie Hawkins wa Arkansas, kusini mwa Marekani, alikwenda Kanada kutafuta riziki. Alikuwa na mpiga dramu kijana, Levon Helm, mtoto wa mkulima wa pamba. Wenzao wa kusini walipoondoka, Hawkins akajaza nafasi zao na vijana wa Ontario: Robbie Robertson (gitaa), Rick Danko (besi), Richard Manuel (piano) na Garth Hudson (kinanda). Huyu Garth kanifurahisha kweli. Alikubali kujiunga kwa sharti la kulipwe dola 10 zaidi kila wiki za kuwafundisha wenzake muziki, ili wazazi wake wajue kijana wao ni mwalimu, sio mpiga muziki wa baa. Wana-Elimu mpo? Kumbe kuna mahali ualimu uliwahi kuwa heshima ya kujifichia!

Mwaka 1964 wakamwacha Hawkins. Mwaka uliofuata wakachukuliwa na Bob Dylan, na sehemu nyingi walizokwenda wakawa wanazomewa, maana mashabiki wake hawakutaka kusikia magitaa ya umeme. Levon akachoka, akaacha bendi, akaenda kufanya kazi kwenye mtambo wa mafuta Ghuba ya Meksiko. Alirudi 1967, wenzake wakiwa wamepanga nyumba ya rangi ya pinki karibu na Woodstock, New York. Hapo ndo sauti yao ilipoiva. Albamu ya kwanza ikatoka 1968, ya pili 1969.

Sasa hiyo ya pili ndo yenye kesi. Ina nyimbo 12. Robertson ametajwa kama mtunzi kwenye zote 12, Levon kwenye moja tu. Na mirabaha huenda kwa aliyetajwa kuwa mtunzi. Ukipiga dramu mpaka mikono iote sugu, ukatoa hadithi za kwenu, ukapanga muziki na wenzako usiku kucha, kama jina halimo, fungu la mtunzi huligusi. Levon aliandika kitabu 1993 akidai zile nyimbo zilikuwa jasho la wote. Robertson, mpaka anafariki 2023, alishikilia kwamba mtunzi ni yeye.

Chukua wimbo wao kuhusu mkulima mzungu maskini wa kusini, siku za mwisho za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1865. Jina la mtunzi ni la Robertson, mtu wa Toronto. Aliyeuimba ni Levon, wa Arkansas, naye anasema alimpeleka mwenzake maktaba akasome historia na jiografia ya enzi hizo. Haya niambieni, nani kautunga? Tena kuna jambo lingine: maumivu ya huyo mkulima yamo, lakini utumwa, uliosababisha vita yenyewe, haumo. Chanzo kinaweza kukuliza machozi na bado kikanyamazia jambo kubwa kuliko yote.

Tarehe 25 Novemba 1976 walifanya onyesho la kuaga San Francisco, na Martin Scorsese akalitengenezea filamu. Robertson alikuwa amechoka na safari. Wenzake walirudi barabarani 1983 bila yeye, kwa sababu ndo ilikuwa kazi yao. Manuel alijiua 1986 wakiwa kwenye ziara. Danko akafa 1999. Levon akapata saratani ya koo, akawa anafanya maonyesho kwenye banda nyumbani kwake Woodstock ili alipe madeni yakiwemo ya matibabu. Alifariki 2012. Garth, yule "mwalimu", ndiye aliyebaki wa mwisho, akafariki Januari 2025.

Mimi naona wote wawili walikuwa na ukweli. Robertson kweli alikaa chini akaandika, na kuandika ni kazi, msiidharau. Ila karatasi inakumbuka aliyeshika kalamu, haikumbuki maneno yalitoka kinywani mwa nani. Ndo maana kwenye historia tunahimizwa tusiache vyanzo simulizi.

Sisi huku tuna ugonjwa wa kinyume. Nina kazi ya kikundi ya kukabidhi Ijumaa: majina sita juu, waandishi wawili. Ngoja nikaimalizie.