Miaka 200 ya Kuisaka Saratani Inayojifanya Upele

Mwaka 1806, katika hospitali ya Saint-Louis jijini Paris, daktari Jean-Louis Alibert alieleza habari za mgonjwa aliyeota vivimbe mwilini. Mwanzoni aliudhani ugonjwa huo kuwa wa jamii ya buba. Mwaka 1832 akauita mikosisi fungoidesi, kwa sababu vivimbe vile vilifanana na uyoga. Jina hilo lipo hadi leo, ingawa fangasi hawahusiki: ni saratani ya chembe nyeupe za damu za aina ya T, zilizoweka makazi kwenye ngozi.

Vivimbe alivyoviona Alibert vilikuwa hatua ya mwisho. Mwaka 1870, Ernest Bazin wa hospitali hiyohiyo alionyesha kwamba hutanguliwa na mabaka mepesi, kisha mabaka manene. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwani baka changa halina tofauti kubwa na ukurutu au soriasisi, na huweza kukaa hivyo miaka mingi.

Hadubini ilisaidia. Mwaka 1938 Albert Sézary na Yves Bouvrain waliona chembe zisizo za kawaida katika damu ya mgonjwa aliyewiva wekundu mwili mzima, hali iliyo ya jamii moja na saratani hii. Mwaka 1968 hadubini ya elektroni ikadhihirisha kuwa viini vya chembe hizo vina mikunjo mingi. Katika miaka ya 1970 zikathibitika kuwa chembe T.

Muongo uliofuata ukaleta vipimo vya jeni, vinavyoonyesha kama chembe hizo zote ni uzao wa chembe moja, jambo linaloashiria saratani. Hata hivyo, upele usio saratani nao unaweza kutoa jibu hilo, na saratani changa ikalikosa. Ndiyo maana mwaka 2005 wataalamu wa kimataifa walipendekeza mfumo wa kutoa alama kwa sura ya mabaka, hadubini, protini za chembe na jeni. Jumla ya alama ikifika nne, jina la ugonjwa hutajwa.

Kwenye ngozi nyeusi baka huweza kuwa jeupe bila wekundu wowote, likadhaniwa ukoma au balanga. Mgonjwa anayepaka krimu ya steroidi hufifisha dalili, hivyo daktari humwachisha kwa wiki kadhaa kabla ya kukata kipande cha ngozi cha kupima. Jibu lisipoeleweka, hukata tena baadaye, mahali pengine.